Fundi Saa Aliyekataza Kusugua

Fundi Saa hakukuuliza jina, na habari za nyumbani kwako hazikumhusu. Ukimfikia barazani kwake na hela ya zamani mkononi, baada ya "Shikamoo" yako na "Marahaba" yake iliyotoka puani, swali la kwanza lilikuwa lile lile kila siku: "Umeiokota wapi?" Ukishajibu, linakuja la pili, na hilo ndilo lililowatoa watu jasho. "Umeisugua?"

Na wengi walikuwa wameisugua. Jamani, sisi ndivyo tulivyolelewa. Kitu cha madini kikiwa cheusi ni aibu ya nyumba. Sinia, birika, kinara cha taa, vyote vinapelekwa uani vikapigwa majivu na ndimu mpaka vinang'aa. Sasa mtu amechimba shimo la choo huko Mchikichini, jembe limegonga kitu, ameokota hela nyeusi yenye kichwa cha mfalme asiyemjua. Ataipelekaje kwa mzee wa watu ikiwa chafu vile? Anaisugua kwa heshima kabisa. Anafika kifua mbele, hela inametameta, na Fundi Saa anageuza uso pembeni kama aliyeletewa msiba.

"Umeichuna ngozi," anasema. "Ilikuwa na ngozi yake ya miaka sitini, umeichuna kwa ndimu. Haya, nenda kanywee chai hiyo ndimu iliyobaki."

Mimi niliyaona haya yote kwa sababu nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza iliyotazamana na yake, nyuma ya cherehani. Nilikuwa nimekuja Kariakoo kutoka Lindi miaka mitano kabla, na cherehani ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, mtu mwema, aliyenipa nishonee na tukawa tunagawana kipato. Mchana jua likiwa kali na wateja hakuna, navuka barabara nakwenda kukaa kwenye kigoda cha Fundi Saa, namsikiliza akigombeza watu. Ndiyo ilikuwa starehe yangu.

Alikuwa na meza ndogo yenye kioo juu, na ndani ya kioo saa za watu zimelala matumbo wazi. Kioo chake cha kukuzia kilikaa jichoni hata akiongea na wewe, kwa hiyo ulitazamwa na jicho moja kubwa na moja dogo. Ukutani nyuma yake zilining'inia saa nne za kwake mwenyewe, na wallahi hakuna mbili zilizokubaliana. Moja inasema saa tano, nyingine saa saba kasorobo. Nilimuuliza siku moja kwa nini asizirekebishe. "Za watu nazirekebisha," alisema. "Zangu nazisikiliza tu." Na mtu huyo huyo ukichelewa kufuata saa yako kwa nusu siku, anakusimanga mbele ya mtaa mzima kwamba hujui thamani ya muda.

Kwa hela za zamani hakuchukua hata senti ya mtu. Hakununua, hakuuza, hakumpeleka mtu kwa mnunuzi. Nilidhani ni ucha Mungu. Kumbe alikuwa na sababu yake. "Nikianza kununua," aliniambia, "jicho langu litaanza kuona ninachotaka mimi. Sasa linaona kilichopo."

Akikubali kukutazamia, basi ni darasa. Anakunyang'anya hela kwanza, maana umeishika vibaya. Inashikwa kingoni, kwa vidole viwili. Uso wake hauguswi. "Kidole chako kina jasho, jasho lina chumvi, na huo uso hautaota tena." Anaitandikia kitambaa cha kijani kilichotoka kwenye suruali kuukuu. Anakunusisha: shaba ukiisugua kidogo kwa kidole inanuka, inakuachia harufu ya funguo, fedha hainuki hivyo, dhahabu hainuki kabisa. Anaidondosha kutoka kimo cha shubiri juu ya kipande cha marumaru na kukuamuru unyamaze. Fedha inaimba. Risasi iliyopakwa rangi inasema "ko", basi. Halafu inapimwa kwenye mizani ya sonara, kimizani cha sahani mbili zisizozidi ukucha, na mpaka itulie hakuna kupumua. Mwisho kabisa ndipo anaisoma uso, polepole, kwa jicho kubwa.

Na watu walikosea vile vile siku zote. Walidhani kilichozeeka ndicho chenye thamani. Mwalimu mmoja wa shule alileta senti zenye tundu katikati, mfuko mzima. Fundi Saa aliziangalia bila hata kuinama. "Hizi zilitengenezwa nyingi kuliko kunguru wa mji huu," alisema. "Uzee hauulizwi. Unauliza zilikuwa ngapi, zimebaki ngapi, na hii yako imebaki na uso kiasi gani. Basi." Mwalimu akaandika kwenye daftari. Akaambiwa asifiche zile hela tena, awape watoto wachezee bao.

Thamani yenyewe hakuitaja kwa fedha. Miaka ile ya foleni, fedha ungeweza kuwa nayo na sabuni usiipate, kwa hiyo alitaja vitu. "Hii ni kilo mbili za sukari." "Hii ni doti ya kanga, tena nzuri." "Hii ni nauli ya kwenda kwenu na kurudi, mama, na karanga njiani." Mtu akiondoka alikuwa anajua hasa ameshika nini. Na kama ni takataka, alikuambia takataka. Mjane mmoja alileta sanduku alilofichiwa na marehemu mumewe kwa miaka ishirini. Ndani kulikuwa na vibati vya kuchezea watoto. Fundi Saa akamwambia hivyo hivyo, mkavu. Yule mama alilia pale barazani mpaka mimi nikamchukia mzee. Kisha mzee akamwomba ampe saa yake ya mkononi iliyosimama, akaishughulikia siku nzima, akakataa malipo kwa ukali. "Sikufanya kazi yoyote, nimeitikisa tu. Chukua uondoke."

Ndivyo alivyokuwa. Ukweli alikupa bure. Wema alikupa kwa matusi.

Sasa yule fundi bati wa Gerezani ndiye aliyebadilisha mambo. Alikuwa mtu mcheshi mwenye sauti kubwa. Alikuja na kopo la rupia za Mjerumani alilolifukua chini ya banda lake, za fedha, zenye kichwa cha mfalme wao, yule mwenye kofia yenye ndege juu, na alikuwa hajazisugua. Fundi Saa alifurahi, akasahau nafsi yake. Alisema kwa sauti, baraza imejaa watu: "Mzee wangu, hili kopo ni paa zima la nyumba yako, bati mpya!" Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Siku ya tatu fundi bati alichukuliwa kutoka bandani kwake. Ilikuwa miaka ya msako wa walanguzi, mtu akikutwa na sabuni nyingi chini ya kitanda anaulizwa, sembuse kopo la fedha. Aliporudi, baada ya miezi mingi, sauti yake kubwa haikurudi naye.

 Siku ya tatu tangu fundi bati achukuliwe nilimpelekea Fundi Saa kahawa na kashata, akaipokea bila kunitazama. "Nilisema kwa sauti," alisema.

Kutoka hapo hela za zamani zilikuja kwa woga. Mmoja aliificha ndani ya mfuniko wa saa mbovu. Mwingine aliileta katikati ya unga. Na Fundi Saa mwenyewe akawa anatazama barabara kwanza, ndipo anatazama mkono wako. Aliuliza maswali yake kwa kunong'ona, na thamani aliiandika kwa kidole juu ya vumbi la meza, kisha anafuta. Nilikaa kwenye kigoda chake roho juu juu.

Yangu ilitoka kwenye kopo la vifungo. Mama mwenye cherehani alikuwa ameniita akaniambia kwa upole kwamba binti yake anaolewa Tanga, na cherehani itaondoka na bibi harusi mwisho wa mwezi. Sikumlaumu, mali ni yake. Lakini kwangu ilikuwa na maana moja tu: bila cherehani narudi Lindi, mikono mitupu, baada ya kuwaringia wote kwamba mimi ni fundi wa Darisalama. Nilikuwa najipangia kilio changu huku natafuta kifungo cha koti la mteja, nikashika kile kifungo kikubwa cha bibi yangu, kilichofunikwa kwa kitambaa cheusi. Bibi alikuwa na vifungo sita vya namna ile kwenye koti moja aliloachiwa na mumewe, na hiki kimoja tu ndicho kilichonifikia. Sikuzote kilikuwa kizito. Kitambaa kilikuwa kimechanika pembeni, na kwenye mchaniko pakachungulia njano.

Nilikifumua kwa wembe. Kulikuwa na hela ndani, ndogo kwa upana lakini nzito mkononi. Upande mmoja tembo amesimama mbele ya mlima, ameinua mkonga. Upande wa pili ndege mwenye mabawa. Kila mstari ulikuwa mkali, hata mikunjo ya ngozi ya tembo ilionekana. Sikuisugua. Niliishika kingoni. Mwanafunzi mzuri mimi, nikavuka barabara mbio kama sina akili, bila kutazama baraza ina nani.

Palikuwa na mtu amekaa kwenye kigoda changu, mwanamume wa suti ya kijivu ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa nimemwona tangu juzi, anasubiri saa yake. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye cherehani.

"Fundi, shikamoo. Hebu nitazamie hii."

Aliichukua. Jicho kubwa likatua juu yake, labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja.  Kisha akacheka. Mwaka wa tano namjua, sikuwahi kumwona anacheka.

"Na wewe, mtu wa kusini! Umeniletea medali ya wacheza ngoma."

"Nini hiyo?" aliuliza yule mtu wa suti, akainama.

"Shaba, bwana. Enzi za Mwingereza walikuwa wanajipachika hizi vifuani, kila kikundi na mnyama wake. Wenyewe wakijiona majemadari." Akaitupa mezani. Aliitupa, nawaambia! Ikalia juu ya kioo, akaifunika na kiganja kabla mlio haujaisha.

"Fundi, mbona hujaipima?" nilisema. 

"Nipime shaba? Njoo nikufanyie kidani, usije ukasema umeondoka bure." Akavuta droo, akatoa keekee ndogo ya mkono, ile ya kutobolea visahani vya saa. Akaibana hela kwenye jiliwa, akaweka ncha juu ya mabawa ya yule ndege, akaanza kuzungusha.   Ncha ikatokea upande wa pili, mahali patupu juu ya mkonga wa tembo. Vumbi la njano lilimwagika kwenye kile kitambaa cha kijani alichotandika chini, akakikunja kitambaa na kukitia mfukoni.

"Nenda kaisugue," aliniambia. "Majivu na ndimu. Isugue sana, halafu uivae."

Yule mtu wa suti alinitazama, akatabasamu, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilivuka barabara nikilia kwa hasira. Nilijiambia mzee huyu ananidharau. Ameona hamu yangu akaifanyia mzaha mbele ya mgeni. Basi nikaisugua. Wallahi niliisugua kama niliyekuwa namsugua yeye, kwa majivu, kwa ndimu, mwisho kwa mchanga, mpaka ngozi ya tembo ikawa laini. Nikaitia uzi mweusi, nikaivaa ili kila akiinua kichwa aione. Sikumsalimia tena.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, watu wa msako walipita mtaa wetu mzima, nyumba kwa nyumba. Chumbani kwangu walipekua godoro, walimwaga kopo la vifungo sakafuni. Askari mmoja wa mgambo, mwanamke wa rika langu, alikamata ule uzi shingoni, akaivuta ile hela karibu na macho yake.

"Hii nini?"

"Shaba, dada. Medali ya ngoma. Fundi Saa pale kanitobolea."

Akaitazama, akaliona tundu, akaona ilivyosuguliwa, akaiachia. "Na wewe unavaa uchafu gani," alisema, wakaenda chumba cha pili. Kwa Fundi Saa walikaa zaidi. Walimuuliza mizani ya sonara kwa fundi saa ni ya kazi gani, wakaondoka nayo, na yeye wakaondoka naye. Alirudi baada ya siku nne. Wiki iliyofuata baraza ilikuwa tupu, na saa nne za ukutani hazipo. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Cherehani ilikwenda Tanga. Lindi sikurudi, kiburi kilinizuia. Nilipiga vifungo na kukunja mapindo kwa mkono kwa ajili ya mafundi wengine, vidole vikaota sugu. Hela ilikaa shingoni. Mwanangu wa kwanza aliota nayo meno, akaitafuna. Niliivaa nikioga, nikifua, nikisukumana sokoni na wezi wa mji mzima.

Mwaka wa nne ndipo mteja wa fundi mmoja alipoinama nimpime shingo ya gauni, nikaona mkufu wake wa shaba umemwachia mstari wa kijani kwenye ngozi. Nikajishika shingo. Nikaenda kwenye kioo. Hakuna kijani. Nikaisugua hela kwa kidole, nikanusa. Hakuna harufu ya funguo. Mambo haya Fundi Saa alinifundisha mwenyewe, na nilikaa na hela shingoni miaka minne bila kuyajaribu. Nilikaa chini kwanza. Kisha nikamkumbuka siku ile, moja moja. Hakuniuliza nimeiokota wapi. Hakuipima. Hakuidondosha kwenye marumaru. Na yeye, aliyemkataza kila mtu kusugua, aliniambia nikaisugue.

Nilimtafuta kwa siku tatu. Muuza kahawa wa Mnazi Mmoja ndiye aliyenielekeza: chumba cha uani, nyuma ya gereji, Gerezani. Nilimkuta amekaa mlangoni juani. Saa nne ziko ukutani, bado zinabishana. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe.

"Shikamoo, fundi."

Aliinua uso kuifuata sauti. "Marahaba," alisema. "Mtu wa kusini. Bado unayo ile shaba?"

Nikaivua, nikamwekea kiganjani.  Akaipima kwa kiganja, juu chini, juu chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa hela ya mtu yeyote. Aliweka kidole gumba juu ya uso wake, akakipitisha polepole, akamtafuta tembo.

"Umeisugua," alisema.

"Uliniambia niisugue!"

"Nilikuambia." Akaigeuza upande wa pili. "Ni dhahabu. Mjerumani alipozidiwa vitani alizifua Tabora, kwenye karakana ya reli, chache tu. Nyingine nilizoziona zilikuwa zimechakaa. Yako ilikuwa haijaguswa na mkono wa mtu."

"Yule mtu alikuwa nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Mpaka leo sijui. Saa yake haikuwa na ubovu wowote, niliifungua mara tatu. Ndicho ninachojua. Nikamkumbuka fundi bati."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitaka kumpiga kibao mzee kipofu, kisha nikataka kumshika mikono, na sikufanya lolote. Akaita ndani, akaomba saa ya mfukoni iliyokuwa chini ya mto wake. Mkewe akaileta. Saa ile ilikuwa kasha tupu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya karatasi vumbi la njano, kiasi cha punje mbili za mchele.

"La kwako," alisema. "Walinipekua, hawakufungua saa. Nimelikusanya kwenye kile kitambaa chembe kwa chembe. Sijapoteza hata moja."

Nikalipokea. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu aliyekuja barazani kwake alimuuliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiliogopa. "Ina thamani gani, fundi?"

"Leo? Sonara atakupa bei ya dhahabu yake kwa uzito. Ni cherehani moja. Mpya."

"Na siku ile? Kabla ya tundu?"

Angeweza kunidanganya, na ningemshukuru. Aligeuza macho yake meupe upande wa barabara, kama zamani alivyoitazama kabla ya kutazama mkono wako.

"Nyumba," alisema. "Vyumba vitatu, Buguruni, bati juu."

Mafundi wa gereji walikuwa wanagonga chuma. Mojawapo ya saa za ukutani ilipiga nane, na haikuwa saa nane. Alikuwa bado ameshika ile hela, lakini sasa ameirudisha kingoni, kwa vidole viwili, na shingo ameinyoosha kidogo upande wangu. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya barazani, kavu, ya puani.

"Haya," alisema. "Umeiokota wapi?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumweleza koti la bibi.